Mama Hana Kengele

Liko swali ambalo nimelisikia likiulizwa kwa namna nyingi, ingawa ni mara chache linapoulizwa waziwazi. Je, mama mwenye kazi ya mshahara au ya biashara, mwenye watoto, mume, shamba na wazee wa kuwatunza, ana haki ya kuutanguliza mwili wake? Akisema leo nimechoka, nalala. Akitenga fedha ya kwenda kupimwa kabla ya kununua viatu vya mtoto. Akiacha vyombo bila kuoshwa ili akapumzike, je, huo ni ubinafsi? Na kinyume chake: mama anayejisahau kabisa kwa ajili ya nyumba yake, je, ni sawa tumsifu kwa kujisahau huko?

Msomaji mwingine atasema kwamba hili si swali la kufikiria, ni swali la kupeleka zahanati. Sikubali. Mganga anaweza kutuambia mama afanye nini ili awe mzima. Hawezi kutuambia uzima ule ni deni la nani. Hilo ni jambo la maadili, na ndilo ninalotaka tulitafakari hapa.

Tuanze na mashauri yenyewe, maana yanajulikana. Mama ale mboga za majani, matunda, maharage na dagaa, apunguze chumvi na mafuta. Alale saa saba au nane kila usiku. Autembeze mwili kwa nguvu kiasi, walau dakika 150 kwa wiki. Apime shinikizo la damu hata kama hajisikii vibaya, kwa sababu presha ni ugonjwa mnyamavu. Inaweza kukaa juu ya 140 kwa 90 miaka mingi bila kumpigia mtu hodi. Aangaliwe kama ana upungufu wa damu, hasa akiwa mjamzito. Apimwe saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika, na binti zake wapate chanjo yake, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Apikie mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wa kuni huharibu mapafu polepole.

Mashauri haya ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Lakini sisi walimu tumezoea kwamba somo lolote, hata liwe zuri namna gani, halifundishwi mpaka lipate kipindi kwenye ratiba. Basi hebu tuchukue chaki, tuchore ratiba ya mama mmoja wa huku kwetu Peramiho, mwalimu wa shule ya msingi. Sitaji jina, kwa kuwa ni wengi.

Saa kumi na nusu alfajiri ameamka. Anawasha moto, anateka maji, anapika uji, anaamsha watoto na kuwatayarisha. Saa moja kamili yuko shuleni. Anafundisha mpaka alasiri, akisimama karibu muda wote. Akitoka anapitia shambani kama ni msimu, na msimu wa mahindi huku Ruvuma si mfupi. Kama si msimu, anakaa kwenye genge lake la vitumbua, kwa sababu mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Jua likizama yuko jikoni. Saa mbili usiku watu wanakula, yeye akiwa wa mwisho. Saa tatu anaanza kusahihisha madaftari sitini. Saa nne na nusu anajilaza. Hesabu yake ni saa kumi na nane za kazi na sita za usingizi, ikiwa hana mtoto mchanga wa kumwamsha.

Mwambie mama huyu afanye mazoezi. Atakuonyesha madaftari sitini, akuambie mazoezi ndiyo hayo. Mwambie alale saa nane. Mmoja alinijibu hivi, bila hasira: "Mwalimu, nikilala mimi, nani ataamka?"

Jibu hilo limenisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu lina ukweli wote wa jambo hili. Shauri jema likimfikia mtu asiye na nafasi halimsaidii, bali huwa mzigo mwingine juu ya ile aliyonayo. Jana alikuwa na hatia ya kutomaliza kazi. Leo ana hatia mbili: ya kutomaliza kazi, na ya kutojitunza.

Hatukuwa hivyo siku zote. Wenye umri wangu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu na vipindi vya redio, na watu wapatao milioni mbili wakakusanyika katika vikundi nchini kote, chini ya miti na katika madarasa, kusikiliza na kujadiliana. Walijifunza habari za malaria, kichocho, kuhara, safura na kifua kikuu. Nilikuwa mwalimu kijana, na kilichonivutia ni yale yaliyofuata baada ya redio kuzimwa. Watu walishika majembe. Vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Hakuna aliyemwambia mama peke yake kwamba kuhara ni jambo lake. Choo kilichimbwa na mwanamume mwenye misuli, kwa sababu shimo ni refu. Afya ilikuwa kazi ya nyumba nzima na kijiji kizima. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai, kwa mtindo uleule.

Siku hizi tunasema na mama peke yake. Tunamwambia jitunze, kisha tunakaa mezani kungoja chakula.

Je, mazoea haya yametoka wapi? Hayakutoka mbinguni. Historia ya Ungoni inatueleza sehemu yake. Wakati wa Vita vya Maji Maji, mwezi Februari mwaka 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu pale Songea. Walichoma vyakula, na njaa kubwa ikafuata. Waliobaki na watoto na jembe walikuwa wanawake. Kisha ukaja wakati wa manamba. Wanaume wa Songea walikwenda mbali, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakikaa huko miezi na miaka. Mke alibaki akiwa baba na mama, mkulima na mlinzi. Wakati kama huo mwanamke asiyechoka alikuwa tofauti ya uhai na kifo. Ilikuwa haki asifiwe.

Lakini manamba wamekwisha kurudi zamani, na mgawanyo wa kazi haukurudi pamoja nao. Sifa iliyozaliwa na dhiki ikageuka kuwa desturi, na desturi ikageuka kuwa kipimo cha mke mwema. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiona jambo hili. Lilikiri kwamba wanawake wa vijijini walikuwa wakifanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, saa kumi na mbili hata kumi na nne kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, wakati wanaume wengi wa vijijini walikuwa kama watu walio likizoni nusu ya maisha yao. Tulilisoma Azimio, tukaliimba, tukatembea kwa miguu kuliunga mkono. Ukurasa ule tuliupita haraka.

Niseme sasa habari ya mazishi fulani. Ilikuwa miaka ya themanini, kabla sijapewa shule ya kuongoza. Tulimzika mwalimu mwenzetu wa kike, mwenye umri wa miaka arobaini na minne. Alikuwa na presha kwa miaka kadhaa. Alipewa vidonge, akaambiwa avinywe kila siku na apumzike. Alivinywa siku ambazo kichwa kiliuma, kwa sababu kwenda kuchukua vingine kulikuwa ni kupoteza siku nzima, na hakuwa na siku nzima. Kiharusi kilimpata jikoni, jioni.

Makaburini watu walisema vizuri. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kukosa kipindi. Mwingine akasema hakuwahi kukataa mgeni. Mwingine akasema alilima ekari mbili huku akifundisha, na alisomesha wadogo wa mumewe. Mwisho akasimama mzee wa ukoo, akasema: "Mama huyu hakujua kuchoka." Watu wakaitikia. Mimi nilisimama nikisikiliza orodha ile, na nikaona kwamba jambo moja moja lililotajwa kama sifa lilikuwa pia saa moja moja iliyoondolewa katika usingizi wake. Siwezi kusema kwamba kazi peke yake ndiyo iliyomuua. Presha ina sababu nyingi, na nyingine ni za kurithi. Lakini alijua kuchoka. Sisi ndio hatukujua kwamba amechoka, kwa kuwa sifa zetu zilimziba mdomo. Nani athubutu kusema nimechoka, wakati heshima yake yote imejengwa juu ya kutochoka?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mama ni kinyume. Mama akisifiwa huongeza mzigo. Na msifuji hupata nafuu mbili kwa wakati mmoja: anaonekana mtu wa shukrani, tena hanyanyui kitu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hapa najua nitapingwa, na hoja ya upinzani ina nguvu. Itasemwa: je, upendo si kujitoa? Ni mama gani wa kweli aliyewahi kuhesabu saa zake? Sisi tuliosoma tukiwa maskini, tulisoma kwa jasho la mama zetu. Tukianza kuwafundisha kina mama kujihesabia, hatutaua kitu kilicho bora kuliko afya yenyewe?

Nakubali kwamba kujitoa ni kitu kitakatifu, na sitaki kumkebehi mama yeyote aliyekesha na mtoto mgonjwa. Lakini tutofautishe kutoa na kunyang'anywa. Nina maswali matatu ya kutusaidia. La kwanza: je, alikuwa na uwezo wa kusema hapana, bila kudharauliwa? La pili: je, kujitoa huko kuna mwisho, kama mtoto mgonjwa anavyopona, au ni kwa kila siku mpaka kaburini? La tatu: je, alikuwapo mtu mwingine mzima ambaye angeweza kubeba, lakini alikuwa amekaa? Mama anayekesha na mtoto mwenye homa amejitoa. Mama anayepika, kuosha, kulima na kusahihisha wakati watu wazima wengine wanaongea barazani hajajitoa. Ametolewa. Kuita hali hiyo upendo ni kuutumia upendo kama kamba.

Tena kuna jambo ambalo wapingaji wangu husahau. Mama anayejisahau hajitoi yeye mwenyewe tu. Anawatoa na watoto. Akianguka, mtoto wa miaka minane atajifunza kupika ugali kabla ya kujifunza kugawanya. Kwa hiyo hata anayejali watoto tu, bila kumjali mama, akili ingemwelekeza amtunze mama. Lakini mimi sitaki kusimama hapo. Hatumtunzi mama kwa sababu ni chombo kinachofaa, kama tunavyolitunza jembe lisishike kutu. Tunamtunza kwa sababu naye ni mtu. Mtu ni afya, na mama ni mtu. Hoja hiyo inatosha.

Je, inawezekana kupanga maisha kwa namna nyingine? Sisi wa Peramiho hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano. Tangu mwaka 1898 Wabenediktini wameishi hapa, na maisha yao yanaongozwa na kengele. Ikilia, chombo cha kazi kinawekwa chini. Kuna saa ya kusali, ya kazi, ya kula, ya kulala, na hakuna mmonaki anayeachiwa aamue peke yake kama amestahili kupumzika. Msomaji awe wa dhehebu hili au la, au awe Mwislamu, anaweza kujifunza kitu katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya sita.

Kanuni hiyo inaagiza kwamba ndugu wahudumiane jikoni kwa zamu, wiki kwa wiki, na asisamehewe mtu zamu yake isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli nzito. Walio dhaifu wapewe wasaidizi, wasifanye kazi kwa huzuni. Tena, na hapa ndipo ninapopenda zaidi, inaagiza kwamba wale wenye zamu ya jikoni wapewe kinywaji na mkate kabla ya saa ya chakula, zaidi ya sehemu yao, ili wawahudumie wenzao bila manung'uniko. Tazama busara hiyo. Wanaume walioishi bila wanawake, walipolazimika kupika wenyewe, waligundua mara moja kwamba kupika ni kazi, kwamba kazi hiyo inachosha, kwamba lazima igawanywe, na kwamba mpishi ale kwanza. Katika nyumba zetu mpishi hula mwisho, tena ukoko.

Tofauti iko kwenye kengele. Mmonaki ana kengele. Mwanafunzi ana kengele, hata kama ni ringi ya gari iliyotundikwa mwembeni. Karani ana saa tisa na nusu yake. Mama hana kengele. Kazi yake haina mahali palipoandikwa kwamba imekwisha, na kwa hiyo kila anapokaa anajiona anaiba.

Babu na bibi zetu walilijua hili kuliko tunavyodhani. Pwani, na sehemu nyingi za bara, mzazi alikaa siku arobaini. Hakushika jembe wala mtungi. Alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na wanawake wa ukoo wakaishika nyumba. Ile ilikuwa kengele. Serikali nayo imeweka yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 ni wiki 12, hesabu ileile iliyowekwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919. Mwaka 2000 shirika hilo lilipandisha kiwango chake hadi wiki 14. Ni sheria njema. Lakini haimfikii muuza vitumbua, wala mkulima, na baada ya siku ya 84 haina la kusema kuhusu nani atateka maji.

Hilo ni la kwetu nyumbani. Sipendi kuandika mahubiri, basi nitasema mambo machache tu. Zamu za nyumba ziandikwe, ikibidi kwa chaki ukutani, na jina la baba liwemo. Mtoto wa kiume ajifunze kupika na kufua. Hatapungukiwa na chochote, na wamonaki hawakupungukiwa. Kila mama awe na saa moja ya siku inayojulikana na nyumba nzima kuwa ni yake, asiyoulizwa anaifanyia nini: atembee, alale, asali, asome. Siku ya kwenda kliniki iheshimiwe kama siku ya kwenda mnadani. Na sahani ya mpishi ipakuliwe kwanza.

Lakini tujihadhari na njia moja ya mkato. Wako wanaompunguzia mama mzigo kwa kumhamishia msichana wa kazi wa miaka kumi na minne aliyetolewa kijijini, au binti mkubwa wa nyumba, anayefika shuleni amechelewa akiwa na usingizi machoni. Nimewaona mabinti hao katika mistari ya asubuhi kwa zaidi ya miaka thelathini. Huko si kupunguza mzigo. Ni kumwandaa mama mwingine mchovu, mapema zaidi. Mzigo unapungua tu pale unapogawanywa kwa wenye mabega mapana.

Kwa mama mwenyewe nina neno moja, nalo nalisema kwa heshima. Haki isiyodaiwa huota kutu. Hata nyumba iwe nzuri namna gani, hakuna anayeweza kuhisi maumivu ya kichwa chako kwa niaba yako. Kunywa vidonge vyako kila siku, hata siku kichwa kisipouma. Sema nimechoka, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Si kosa la kuombea radhi. Ni habari ambayo nyumba inapaswa kuijua.

Na yule aliyeniuliza nani ataamka kama yeye atalala, hakuwa ananiuliza mimi. Katika nyumba ile walikuwamo watu wazima wengine watatu, wote wenye afya njema. Swali lilikuwa lao, na bado linangoja jibu.